Konzi za Mahindi Chini ya Mita

Juzi stima ilizimika samaki wangali kwenye sahani. Tokeni zilikuwa zimeisha tena. Mwanangu wa kiume, ambaye ndiye hununua, akaweka tonge lake chini akasema pale gizani, "Ni hiyo kompyuta, Mama. Dada anashinda nayo kutwa. Hiyo kitu inakula stima kuliko kinu cha kusaga." Dada yake ni kifungua mimba wangu. Huwaandikia watu kazi zao kwa kompyuta akiwa hapa hapa nyumbani kwangu Homa Bay, na hiyo ndiyo inayomlisha yeye na mtoto wake. Nilimsikia tu akivuta sahani ya mtoto karibu ili mchuzi usimwagike.

Mimi nikacheka peke yangu, wakadhani nimechanganyikiwa. Maneno yale niliwahi kuyasikia nikiwa na miaka kumi na miwili, karibu vile vile, uani kwa nyanya yangu kule Migori.

"Kesho," nikawaambia, "mtu asiseme neno juu ya kompyuta. Kesho mimi na mjukuu wangu tutakaa chini ya mita na mkebe wa mahindi."

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, mahindi yanaingiaje kwenye mambo ya stima. Vuta kiti. Nina miaka arobaini na minne na tayari ni nyanya wa msichana wa miaka saba. Piga hesabu zako, mimi sioni haya. Shule niliishia darasa la saba. Lakini kusoma najua, na kuandika ndio huku unakokuona, na nitakwambia nani alinifundisha na jinsi nilivyokaribia kumpoteza.

Nilipelekwa Migori nikiwa mdogo, mama yangu alipofariki, nikalelewa na mama yake. Hiyo ninayozungumzia ni katikati ya miaka ya tisini. Nyanya alikuwa muuza mahindi. Malori yalishuka na magunia kutoka upande wa Kegonga, naye alikuwa pale sokoni kabla ya jua, taulo begani, akitia mkono ndani ya gunia na kunusa punje kama mtu anayenusa mchuzi. Aliuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Wauzaji wengine waliipiga mikebe yao nyundo kwa chini ikabonyea ndani, ili mteja aone imejaa kumbe imejaa hewa. Nyanya aliwachukia hao kuliko panya. Aliugeuza mkebe wake juu chini mbele ya kila mteja mpya akisema, "Papasa. Mkebe wangu hauna tumbo la ndani." Hata wachimbaji dhahabu wa Osiri, watu wa kubishana na kila mtu, walinunua kwake bila kubishana.

Kalamu hakuwahi kuishika. Kwa kila gorogoro aliyouza aliweka punje moja kwenye kikombe cha bati, na jioni mimi nilizihesabu huku yeye akinikuna kichwa kwa kidole kimoja. Punje moja, gorogoro moja. Nilijua kuhesabu punje kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na kusema kweli viatu vyenyewe vilichelewa kuja.

Kutokana na mahindi hayo alijenga ploti. Vyumba vinne vya mabati vilivyotazamana, bomba moja la maji, kamba moja ya nguo, na mita moja ya stima ukutani karibu na mlango wetu. Bili ikija, inagawanywa vyumba vinne sawasawa, kwisha. Chumba kimoja kilikuwa chetu. Cha pili alikaa karani wa baraza la mji, mtu wa suruali yenye mkunjo wa kukata mkate. Cha tatu alikaa fundi wa cherehani, mwembamba, mdomo mrefu, aliyeshona mjini na kusengenya nyumbani. Cha nne, mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa Homa Bay, hajaolewa, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine. Nyanya alikuwa amenitoa shule nikiwa darasa la nne kwa sababu ada na pesa za jengo zilimshinda mwaka ambao mahindi yaliozea kwenye lori. Siku moja Mwalimu alinikuta nimeshika karatasi iliyofungiwa mandazi, naipindua huku na huku. Hakuniuliza kitu. Kesho yake jioni, saa kumi na moja, aliniita kwake, na keshokutwa, na kila jioni baada ya hapo. Niliosha vyombo vyake, nikapepeta mchele wake, kisha tukakaa na kitabu kati yetu. Alikuwa na harufu ya chaki na mafuta ya nazi. Nikikosea hakunipiga. Alisema tu, "Rudi mwanzo wa mstari, neno halijakimbia." Mpaka leo nikishindwa na jambo najiambia hivyo.

Mwaka ule, kabla ya mvua za Aprili kukatika, Mwalimu alirudi kutoka likizo ya Homa Bay na kompyuta. Ilikuja imefungwa kwa blanketi jekundu kama mgonjwa. Tukajaa mlangoni wote. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kama televisheni, sanduku la chini likavuma kama nyuki walio ndani ya mti, na kulikuwa na mashine ya kuchapa iliyolia kriii, kriii, kriii, karatasi zikitoka zimeshikana mkia kwa mkia, zenye vitobo pembeni. Alinunua kwa mkopo wa chama cha walimu. Alitaka kuchapia shule mitihani, na saa moja hadi saa nne usiku utasikia ile kriii yake. Karatasi zilizoharibika alinipa mimi nisome. Kwa hiyo mimi, rafiki yangu, sikuanza na hadithi za sungura. Mimi nilianza kusoma na "Jibu maswali yote" na "Usifungue karatasi hii mpaka utakapoambiwa."

Karibu wakati huo huo Nyanya naye alileta wageni wake: vifaranga hamsini kutoka Kisii, wa manjano, ndani ya katoni. Aliwaweka katika kibanda kidogo cha mbao nyuma ya jiko letu, chini ya balbu mbili kubwa. Akanikalisha chini akaniambia, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, ndivyo alivyoniita, "hawa ni ada yako. Wakikua tunauza, Januari unarudi darasani. Aliyeniuzia amesema wasipate baridi hata kidogo. Hiyo taa isizimwe. Nikikuta imezimwa utanitambua." Nikaapa. Niliwatilia maji, nikawasagia mahindi laini, nikawapa majina. Balbu sikuzigusa usiku wala mchana, na wewe unajua jua la Migori la saa saba.

Hapo ndipo bili ilipokuja.

Karani ndiye aliyeisoma, kwa kuwa alipenda kusoma vitu kwa sauti. Alisimama chini ya kamba ya nguo akataja kiasi, kisha akakitaja tena, maana hakuna aliyemwamini. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwezi uliotangulia.

"Yawa!" Nyanya akasema. "Hiyo ni ya nani? Wametuletea ya hospitali?"

"Ni yetu, Mama. Namba ya mita ni hii yetu."

Fundi akacheka kwa pua. "Kwani mnatafuta nini na mwizi anavuma kila jioni? Mimi nina balbu moja na redio ya betri. Karani ana pasi tu. Hiyo kompyuta ni televisheni, ni cherehani, ni matbaa, yote pamoja. Ukipita hapo dirishani unasikia moto wake. Mnadhani huo moto inatoa wapi?"

"Fundi, hata wewe ukisengenya unatoa moto," Mwalimu akamjibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Alijaribu kueleza. Akasema kitu chenyewe kinatumia stima kidogo, kama balbu moja kubwa na robo. Nani angemwamini? Kitu chenye kichwa kama kile kitumie sawa na balbu? Karani akasema yeye hatalipa stima ya mitihani ya watoto wa watu. Fundi akasema ama kompyuta ihame ama yeye ahame. Nyanya alikunja bili ikawa ndogo kama kidonge.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nyumba hii hailipi hivi mara ya pili. Mwisho wa mwezi, hiyo mashine iondoke."

"Ikiondoka, Mama, nitaondoka nayo. Mkopo wake nalipa kwa hiyo kazi. Dada yangu ana chumba chenye stima Homa Bay, nitaomba uhamisho."

"Basi."

Hilo "basi" lilinipiga mimi kuliko yeye. Usiku huo sahani ya nyoyo ilikuwa mbele yangu, mahindi na maharagwe yaliyochemka mpaka yakapasuka, chakula nikipendacho kuliko vyote duniani, nami nikakisukuma kando. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu cha darasa la tano. Bila Mwalimu ningerudi kupindua karatasi za mandazi.

Asubuhi Nyanya akanipa kazi. Alikuwa mtu wa haki hata akiwa amekasirika. Hakutaka kumfukuza mtu kwa maneno ya Fundi peke yake. Alinionyesha mita. Hizi za siku hizi hazina kitu, lakini zile za zamani zilikuwa na dirisha la kioo, na nyuma ya kioo kisahani cha bati kilichozunguka, kikiwa na alama nyekundu ukingoni. Stima ikitumika sana kinakimbia, ikitumika kidogo kinatambaa.

"Kaa hapa," akasema. "Ile nyekundu ikipita, tia punje moja mkebeni, kama vile tunavyouza gorogoro. Nataka kuona mwizi anakula ngapi."

Basi nikawa polisi wa mita. Mwalimu aliniazima saa yake ya mkononi, bila kinyongo. "Hesabu vizuri," akaniambia. "Mimi siogopi kuhesabiwa." Jioni ya kwanza nilikaa kwenye kigoda nikatumbulia kisahani macho mpaka yakatoa machozi. Jambo likanichanganya. Mwalimu alipowasha kompyuta, kisahani kiliongeza mwendo, ndiyo. Lakini hakikuwa kimesimama kabla ya hapo. Kilikuwa tayari kinatembea. Asubuhi Karani alipopiga suruali pasi kilizunguka kama mwendawazimu, nikashindwa kutia punje, ila baada ya dakika kumi mkunjo ulikuwa tayari na kisahani kikarudia mwendo wake wa kawaida. Huo mwendo wa kawaida ulikuwa wa nani?

Siku ya tatu nilibaki ploti peke yangu. Nyanya yuko sokoni, Karani yuko ofisini, Fundi yuko kwa cherehani yake mjini, Mwalimu yuko shuleni na mlango wake una kufuli. Saa saba mchana, jua limesimama utosini, mabati yanalia ta, ta kwa joto. Nikaenda kwenye mita. Nyekundu ikapita. Nikangoja. Ikapita tena. Hakuna mtu, hakuna redio, hakuna pasi, kompyuta imelala chini ya blanketi lake, na kisahani kinatembea tu, taratibu, kama mwanamke aliyebeba mtungi.

Nikazunguka kila mlango nikitega sikio. Nyuma ya jiko nikasikia vifaranga wangu wakilia. Nikachungulia. Walikuwa wamekimbilia pembe za kibanda, midomo wazi, mabawa yamening'inia, wanahema. Katikati, juu ya nafasi tupu, balbu mbili zinawaka mchana kweupe.

Nilikiuka kiapo. Nikazima swichi, nikakimbia kwenye mita.

Kisahani kimesimama. Kimesimama kabisa, rafiki yangu, na ile nyekundu imeganda upande kama jicho la samaki. Nikarudi, nikawasha. Kikaanza. Nikazima. Kikasimama. Nilifanya hivyo labda mara sita, kwa kuwa sikupenda nilichokuwa nakiona.

Sasa ona nilivyobanwa. Nikisema, vifaranga watazimiwa taa, na wakifa kwa baridi ada yangu imekufa nao. Nisiposema, Mwalimu anahama. Halafu kuna Nyanya mwenyewe, mwanamke anayegeuza mkebe juu chini mbele ya watu. Nani atakwenda kumwambia kwamba mwizi wa stima ni yeye, na anayemsaidia kuiba ni mjukuu wake?

Nilimwambia Mwalimu kwanza, jioni, nikiwa nimeinamia kitabu. Alifuta miwani yake kwa upindo wa gauni. Nilidhani ataruka, aende kumpigia Fundi kelele dirishani. Akasema, "Usilitoe mbele ya watu. Ni mzazi wako. Mwambie yeye peke yake, na mwambie kwa kitu anachokijua."

"Na asiponisikia?"

"Basi nitakuandikia barua kutoka Homa Bay, na utaweza kuisoma. Hilo hakuna atakayekunyang'anya."

Kesho yake Nyanya alikuwa jikoni anakaanga omena, wale dagaa wa ziwani, moshi umejaa. Nikamwambia kwa mdomo. Akanikata katikati. "Taa ni taa. Kila nyumba ina taa. Utalinganisha taa na hiyo mashine yenye kichwa? Geuza ugali."

Nikageuza ugali. Kisha nikaenda nikaleta gorogoro yake, ile ile ya sokoni, na punje zangu nilizofunga kwenye vitambaa viwili. Nilikuwa nimekaa chini ya mita saa nzima kwa kila kitu, Mwalimu akiniwashia yake alipotoka shuleni, na kitu kimoja tu kikiwa kimewashwa. Punje za saa moja ya balbu zilijaa konzi moja, mkono ukiwa umefumbwa. Punje za saa moja ya kompyuta hazikufika konzi.

"Nyanya, nipimie," nikasema. "Kompyuta inawaka saa tatu kwa siku. Toa konzi tatu, zile ndogo."

Alinitazama kama anayetaka kunipiga mwiko. Lakini ukimwambia muuza mahindi apime, mkono unakwenda wenyewe. Akachota kwenye gunia konzi tatu ndogo, akatia mkebeni. Zilifunika tako la mkebe tu.

"Sasa ya taa za vifaranga. Hizo haziwaki saa tatu. Uliniambia zisizimwe. Ni saa ishirini na nne."

Akazimwaga zile za kwanza, akaanza. Konzi moja, mbili, tatu. Kwenye nane mkono ukapunguza mwendo. Kwenye kumi na tano omena ikaanza kuungua na hakuna aliyeigeuza. Alipomaliza ishirini na nne, mahindi yalikuwa yamefika katikati ya mkebe.

"Nusu gorogoro," akasema polepole.

"Kila siku, Nyanya."

Alitia mkono mkebeni akayapapasa mahindi, kama anatafuta tumbo la ndani. Halafu akainuka, akaenda kibandani, akazima swichi. Akaenda kwenye mita, akasimama mikono kiunoni. Akanituma nikawashe. Akanituma nikazime. Mwishowe akasema, "Hao ndege wako wamekula lori zima," akaingia ndani.

Jumapili mchana aliwaita wapangaji wote uani. Mwalimu alikuja akichechemea, na nyuma yake kupitia mlango wazi niliona kompyuta imeshafungwa kwa blanketi, kamba zimepita juu. Fundi alikuwa amevaa shati jipya, kama mtu aendaye kwenye sherehe.

Nyanya hakuzungusha. Alisimama chini ya mita, mkebe mkononi. "Mwizi wa stima amepatikana," akasema.

"Si tulisema!" Fundi akapiga makofi.

"Nyamaza, Fundi. Ni mimi."

Akawaonyesha konzi za Mwalimu, kisha nusu gorogoro yake. Akataja hata pasi ya Karani, konzi moja kila asubuhi kwa kukisia, Karani akatazama mkunjo wa suruali yake kana kwamba umemsaliti. Akasema nyongeza yote ya bili ataibeba yeye, na kwamba kuanzia hapo bili itagawanywa kwa kipimo, si kwa milango. Kisha akamgeukia Mwalimu. Kuomba msamaha hakujua; hakuwa amewahi kufanya mazoezi.

"Mwalimu," akasema, "blanketi hilo ni zito kwa msimu huu. Lifungue."

Mwalimu akacheka, machozi yakimtoka. "Nitalifungua, Mama. Lakini vifaranga wa mtoto wasife kwa ajili yangu."

"Mama," Fundi akadakia, "hao vifaranga uwafundishe basi kuchapa mitihani, walipe stima yao!" Tukacheka sote, na Nyanya akacheka kuliko wote, akimtupia punje moja ya mahindi kichwani.

Vifaranga hawakufa. Mchana tuliwaacha na jua. Jioni Nyanya alijaza makaa chungu cha udongo, akakifunika kwa majivu, akakiweka katikati ya kibanda, na wao wakakizunguka kama wazee kwenye mazishi. Tulipoteza wachache, si kwa baridi, kwa kicheche. Waliobaki walikua majogoo wa kifua, wakaenda sokoni, wengine wakaliwa na wachimbaji kule Osiri, na Januari nikarudi darasani. Waliniweka darasa la tano nikiwa mrefu kuliko dawati. Mtihani wa kwanza ulipowekwa mbele yangu nikaona vitobo pembeni mwa karatasi. Nikajua umetoka wapi. "Jibu maswali yote." Nikayajibu.

Sikufika mbali. Nyanya aliugua nikiwa darasa la saba, na baada ya hapo maisha yalinishika mkono yakanipeleka njia nyingine. Mwalimu alikaa chumba cha nne mpaka alipoolewa, naye kweli aliniandikia barua kutoka Homa Bay, nami kweli niliisoma, mara nyingi kiasi kwamba ilikatika kwenye mikunjo. Ndiye aliyenitafutia kazi ya kupika shuleni kwake, ndiyo sababu ninaishi huku.

Ploti haipo tena. Mwaka jana nilipita Migori nikakuta ghorofa yenye duka la simu mahali vilipokuwa vyumba vinne, na mita zimepangwa ukutani kama masanduku ya barua, kila mtu na yake, hakuna anayejua jirani anakula konzi ngapi. Mlio wa kriii sijausikia tena popote. Kisahani nacho kimekwenda. Gorogoro bado ipo sokoni, ila siku hizi napapasa tako lake kabla ya kutoa pesa.

Sasa tumalizie ya juzi. Mita yangu ya hapa ina taa nyekundu ndogo inayopepesa badala ya kisahani. Inatosha. Jana, tokeni zikiwa zimenunuliwa, mimi na mjukuu wangu tulikaa chini yake asubuhi nzima, ikipepesa tunatia punje. Ana miaka saba na hakuruka hata moja. Alikuwa akinikemea mimi nikipiga miayo. Kompyuta ya mama yake tuliipima peke yake. Hata konzi ya mtoto haikujaa. Hizi za siku hizi zinadonoa tu. Kisha tukaizima, na taa ikaendelea kupepesa.

Mjukuu wangu akasimama, akatega sikio, akaenda mlango kwa mlango kama nilivyofanya mimi. Akasimama mbele ya friji yangu ya soda, ile kuukuu ninayouzia wapita njia, ambayo mlango wake hauingii vizuri na nimeufunga kwa kitambaa. Inanguruma usiku na mchana. Alinitazama tu, konzi yake imejaa mahindi, ameishikilia mbele yangu nipapase.

"Nenda kamwite mjomba wako," nikamwambia. "Na mama yako pia. Waambie mwizi amepatikana."